Pandu bin Kheri na Ukoko wa Hamamu

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, alitawala sultani aliyeitwa Shaame bin Vuai bin Makungu. Walikuwako masultani wengine wenye jina la Shaame, kabla yake na baada yake, lakini huyu ndiye aliyejenga hamamu, na hekaya hii yamhusu yeye peke yake.

Mji huo ulijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yake yote yalitoka katika kisima kimoja kilichokuwa mtaa wa Chekeani. Wako wanaouita mtaa huo Chokaani kwa ajili ya maji yake; jina hilo si sahihi. Maji ya Chekeani yalikuwa baridi na matamu, ila yalikuwa na tabia moja: yakichemshwa huacha chomboni ukoko mweupe wa chokaa, na ukoko huo ukiachwa bila kuondolewa huwa mgumu kama jiwe. Katika nyumba za watu jambo hili halikuwa habari. Mwanamke akiona sufuria yake imeota ukoko, huokota ukwaju chini ya mti, akauchemsha humo kwa maji, akaulaza hata asubuhi, kisha akamwaga. Sufuria ikawa kama ilivyotoka kwa fundi. Ukwaju haukuuzwa Mwambakuu, kwa sababu hakuwako aliyeukosa.

Lakini katika jumba la Sultani hakuna mwanamke aliyepata kuulizwa habari za hamamu, maana hamamu ilikuwa kazi ya serikali. Waziri, jina lake Ameir bin Jecha, ndiye aliyeagiza kutoka ng'ambo birika kubwa la shaba, lililotiwa bati kwa ndani, na ndiye aliyesimamia mafundi, na ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwake. Maji yalichemka birikani, yakapita katika mirija, yakatoka kwa bilula tatu zilizopigiliwa ukutani, na Sultani akasimama chini yake akaoga. Mwanzo maji yalitoka kwa kishindo. Baadaye yakawa yanatoka kwa adabu. Mwishowe yakawa yanatoka kwa kusitasita, na Waziri akasema kwamba ni majira ya mwaka.

Basi ikawa asubuhi ya Idi, Sultani Shaame aliingia hamamu, akajipaka sabuni kuanzia utosini hata nyayoni, akafungua bilula ya kwanza. Haikutoa kitu. Akafungua ya pili, ikatoa tone. Akafungua ya tatu, ikakohoa. Sultani akajipangusa kwa shuka kadiri alivyoweza, akavaa joho lake, akaenda kusali. Watu wote waliokuwa safu za nyuma yake wakaona povu lililokauka nyuma ya sikio la Sultani, na wakati wa hotuba wakamwona anajikuna. Hakuna aliyecheka. Jambo hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwa maana alijua kwamba watacheka watakapofika majumbani mwao.

Aliporudi akamwita Waziri. Waziri alikwisha kwenda hamamu kabla ya kuitwa, akabandua kipande cha ukoko mdomoni mwa bilula, na kwa kuwa aliogopa kuulizwa, aliona heri aseme yeye kwanza.

"Maulana," akanena, "hili ni jiwe. Nalo jiwe haliingii hamamu kwa miguu yake. Limeletwa na maji, na maji huletwa na watu wa Chekeani."

"Kwa hiyo jiwe hili ni la watu wa Chekeani?"

"Ni lao, Maulana. Miaka yote hii wamekuwa wakiliweka katika birika lako bila idhini."

Sultani akakigeuza kile kipande mkononi. "Basi waje waliondoe," akasema.

Wakaitwa watu wa Chekeani, wake kwa waume, wakasimama uani. Waziri akawasomea hukumu, na masharti aliyatunga yeye mwenyewe. Mtumishi mmoja alikuwa amewahi kukwangua birika dogo la jikoni kwa patasi akalitoboa, kwa hiyo Waziri alikuwa mwangalifu.

"Mtaliondoa jiwe lenu lote," akasema, "wala msitumie chuma, wala mchanga, wala kumbi la nazi, wala majivu, asije mtu akakwaruza mali ya Maulana. Hazina haitatoa hata pesa moja. Na likiisha kutoka, mtaliweka jiwe lenu lote juu ya mkeka, mbele ya baraza, tulione kwa macho, msije mkalisukuma ndani ya mirija mkatuambia limekwisha. Baraza ya Ijumaa ikianza na jiwe haliko juu ya mkeka, kisima cha Chekeani kitafukiwa siku hiyohiyo."

Watu wakarudi kisimani. Maji mengine yaliyokuwa karibu yalikuwa mto wa Mzingwe, nao haukuwa karibu: mwenye kwenda alfajiri hurudi magharibi, na wazee na wenye watoto wachanga wasingeweza hata hilo.

"Ukwaju utalitoa," akasema mwanamke mmoja.

"Utalitoa, shoga," akajibu mwenziwe, "kisha utaweka nini juu ya mkeka? Ukoko ukikutana na ukwaju huyeyuka. Utawamwagia maji ya kahawia barazani, useme ndilo jiwe lenyewe?"

"Basi tukwangue."

"Ukikwangua umekwaruza."

Ilikuwa wazi kwamba wakilikwangua jiwe wamevunja sharti, na wakiliyeyusha wamevunja sharti, na wakiliacha wamevunja masharti yote.

Hapo kisimani alikuwako mtu aitwaye Pandu bin Kheri. Hakuwa na shamba, wala mbuzi, wala kazi inayojulikana. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na kisima. Watu walimhesabu mpumbavu, kwa sababu alikuwa akifanya sawasawa na alivyoambiwa. Siku moja mkewe, Mize binti Faki, alimwambia, "Yatazame maziwa yasimwagike," naye aliporudi akayakuta yamezima moto. "Sikukwambia uyatazame?" akauliza Mize. "Niliyatazama," akajibu Pandu. "Sijapata kuona maziwa yakimwagika vizuri namna ile."

Mize wakati huo alikuwa mjamzito, na mwezi wake umekaribia. Akamwambia mumewe, "Wasikia, Pandu? Kisima kikifukiwa, mimi nitakwenda Mzingwe na tumbo hili, na ndoo kichwani."

Pandu akafikiri. "Walisema jiwe liwe juu ya mkeka?"

"Ndivyo walivyosema."

"Walisema liwe peke yake?"

"Mume wangu, hii si siku ya upuuzi wako."

"Sikiliza basi," akasema Pandu. "Waambie wenzako waokote ukwaju. Wote wawezao kuinama na wainame. Na kila nyumba inipe kitu kidogo cha jikoni: huyu kipande cha sukari guru, huyu tangawizi, huyu iliki chache."

"Iliki? Ukoko hauli iliki."

"Wala siupikii ukoko," akajibu Pandu.

Siku ya Alhamisi Pandu akaenda mbele ya Sultani. Waziri alikuwapo, na wakubwa wa mji walikuwapo. Pandu akainama, akasema, "Maulana, mimi ni mtu mjinga, nahitaji kuambiwa jambo mara mbili. Jiwe lililomo birikani ni la nani?"

"Ni lenu," akasema Sultani.

"Letu kabisa, kama vile kuku wa mtu ni wake?"

"Lenu kabisa."

"Na mali ya mtu ikichukuliwa na mwingine, sheria ya Maulana yasemaje?"

"Sheria yangu yajulikana. Aliyeichukua atairudisha kama ilivyokuwa. Wauliza kwa nini?"

"Ili niilinde, Maulana. Na jambo la mwisho: nikichemsha dawa katika birika, iko desturi ya jumba hili ninayopaswa kuishika?"

Waziri akamjibu yeye. "Iko. Kila kinachoiva katika chombo cha Maulana, mimi hukionja kwanza. Ndiyo kazi ya waziri tangu enzi za Sultani Vuai."

Mji mzima ulijua habari ya kuonja kwa Waziri. Wapishi walikuwa wakipika wali wa Sultani, na juu yake wali wa kuonjwa.

"Nimesikia," akasema Pandu, "ila dawa hii si ya kunywa, Bwana Waziri."

"Desturi haiulizi ni ya nini," akasema Waziri.

Basi mlango wa hamamu ukafunguliwa, na wanawake wa Chekeani wakaleta ukwaju makapu kwa makapu. Pandu na Mize wakaukanda kwa maji ya moto, wakatoa kokwa, wakajaza birika hata mdomoni. Vitambaa wakavichovya katika ukwaju mzito wakazifunga bilula, kama mtu afungavyo kidole kilichojikwaa. Kisha wakawasha moto mdogo, wakaacha. Haukupita muda birika likaanza kutoa sauti: fsss, fsss, na mapovu madogo yakapanda.

Sultani, aliyekuwa chumba cha pili, akasikia. Akaja mwenyewe mlangoni. "Ewe Pandu, ni sauti gani hiyo?"

"Ni jiwe, Maulana. Lalalamika."

"Lasema nini?"

"Lasema limezoea."

Sultani akasimama kidogo akisikiliza, kisha akaenda zake.

Asubuhi ya Ijumaa Pandu akachungulia birikani. Ule ukoko haukuwapo tena. Bati lilikuwa linang'aa kama mbalamwezi. Akavifungua vitambaa, na midomo ya bilula ilikuwa safi. Ndipo akachochea moto, akatia sukari guru, na tangawizi iliyopondwa, na iliki zote za Chekeani, akakoroga. Harufu ikatoka hamamu, ikapita uani, ikapanda ngazi za nyumba ya Waziri Ameir, ikamkuta kitandani mwake. Akashuka kwa haraka akiwa amevaa kilemba bila kukikaza.

"Wapika nini humo?"

"Dawa ya jiwe, Bwana Waziri."

"Yanukia sharubati."

"Jiwe la jumbani, bwana, halitaki dawa ya kihuni."

"Jaza kikombe."

"Bwana wangu, nakusihi," akasema Pandu. "Jiwe la Chekeani limo humo ndani."

Pandu akafungua bilula ya kwanza ili ajaze kikombe alichokishika Mize, nayo ikatoa kwa nguvu hata kikamponyoka. Akakiokota, akakijaza tena. Waziri akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Sioni jiwe," akasema.

"Ndiyo hatari yake, bwana. Halionekani, lakini lipo."

"Jiwe huonekana," akasema Waziri, ambaye alikuwa amesoma mantiki, akanywa.

Kikombe cha kwanza alikinywa kwa haraka, akasema hakupata ladha yake. Cha pili akanywa kwa ajili ya ladha. Cha tatu akanywa ili akilinganishe na cha pili. Kisha akawaita watumishi wake, akawaamuru walete mitungi, wakaichukua dawa iliyobaki waipeleke nyumbani kwake, kwa sababu alikuwa na wageni kutoka bara.

Pandu akasimama mlangoni. "Bwana Waziri, nasema mbele ya mke wangu na watumishi wako: wachukua jiwe letu bila idhini yetu."

Waziri akacheka. "Nimelichukua," akasema. "Mkilitaka, njoni mlidai."

"Tutakuja," akasema Pandu.

Birika likasuuzwa, likajazwa maji, yakachemshwa. Kabla ya sala Sultani akaingia kuoga. Safari hii akafungua bilula zote tatu kwa pamoja, na maji yakamwagika kwa kishindo kama siku ile ya kwanza. Alikaa humo muda mrefu sana. Watu waliokuwa nje walimsikia akiimba, nao kwa heshima wakasogea mbali.

Baada ya sala baraza ikakaa. Sultani akakaa kitini, na Waziri akaketi mkekani, upande wake wa kuume, mahali pake pa kila siku. Wale walioketi karibu naye waliona kwamba Waziri habadiliki uso ila abadilika mkao: mara aegemea upande huu, mara upande ule, na jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo. Watu wa Chekeani wakajaa uani. Mize aliegemea nguzo.

"Hamamu ni nzuri," akanena Sultani. "Nimeridhika nayo."

Watu wakaanza kushusha pumzi. Lakini Waziri, ijapokuwa alikuwa na haraka zake, hakuwa mtu wa kuacha sharti lililotungwa na yeye mwenyewe.

"Maulana," akasema, "hukumu ilikuwa jiwe liwekwe lote juu ya mkeka. Silioni jiwe. Wachimbaji wako nje na majembe yao, wangoja neno."

Sultani akamgeukia Pandu. "Asema kweli. Ndiyo hukumu. Jiwe liko wapi?"

"Liko juu ya mkeka, Maulana," akasema Pandu.

Watu wote wakatazama mkeka. Haukuwa na kitu juu yake ila Waziri.

"Sehemu gani ya mkeka?"

"Upande wako wa kuume. Limevaa kilemba."

Pandu akaendelea, kwa sauti ileile. "Jiwe liliyeyuka katika ukwaju, Maulana, na ukwaju Bwana Waziri aliunywa. Nilimwambia jiwe limo. Akasema halionekani. Lililo ndani yake, ndilo hilo lililoketi hapo. Lililobaki liko katika mitungi nyumbani kwake, na katika wageni wake. Mgao huo hatukuufanya sisi."

"Waziri," akasema Sultani, "ulikunywa?"

"Nilionja, Maulana."

"Kiasi gani?"

"Kuonja hakuna kiasi, Maulana," akasema Waziri, akaegemea upande wa pili.

"Basi, Maulana," akasema Pandu, "sisi watu wa Chekeani tuna shauri. Ulihukumu kwamba jiwe ni letu kabisa, kama kuku wa mtu. Ukasema anayechukua mali ya mtu atairudisha kama ilivyokuwa. Bwana Waziri amelichukua mbele ya mashahidi, akatuambia tuje tulidai. Tumekuja. Twaomba alirudishe lote, gumu, jeupe, juu ya mkeka huu, mbele ya baraza, kwa macho yetu, kwa kuwa masharti hayo ameyatunga yeye na ni mazuri."

Sultani Shaame akafikiri sana, au alionekana akifikiri. Kisha akamtazama Waziri wake bila kutabasamu.

"Dai lao ni sahihi," akasema. "Lirudishe."

"Maulana!"

"Sheria yangu yajulikana. Baraza itangoja."

"Maulana, jambo hili... haliwezekani namna hiyo," akasema Waziri. Rangi ya uso wake ilikuwa imegeuka, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mkeka. "Halitarudi... kama lilivyokuwa."

"Nasi tunaogopa hivyohivyo," akasema Pandu.

Nyuma kabisa mtu mmoja akaguna, akazibwa mdomo na jirani yake.

"Iko njia moja tu, Maulana," akaendelea Pandu. "Ikisemwa kwamba jiwe si letu, hatudai kitu. Lakini likiwa si letu, hatukuliweka sisi birikani, wala hakuna wa kuulizwa, na kisima hakina kosa la kufukiwa. Neno hilo si langu. Ni la yule aliyesema mwanzo kwamba ni letu."

Sultani akasema, "Waziri, umesikia. Jiwe ni la nani?"

Waziri Ameir bin Jecha alitazama uani, akawaona watu wa Chekeani wote wanamngoja. Akatazama mlango. Tumbo lake likasema neno ambalo lilisikika mpaka kwenye safu ya pili.

"Ni la Mungu, Maulana!" akasema kwa sauti kuu. "Jiwe ni la Mungu aliyeumba mwamba! Si la Chekeani! Halikupata kuwa la Chekeani!"

"Na kisima?"

"Kisima hakina kosa! Nakuomba ruhusa, Maulana."

"Ruhusa ya nini?"

Waziri akainuka, akaondoka barazani kabla hajaruhusiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika utumishi wake wote, na njiani akaacha kiatu kimoja. Mlango wa nyuma ukasikika ukifunguliwa, na mwingine baada yake ukifungwa.

Sultani alitazama kile kiatu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha akacheka hata akajipangusa macho kwa ncha ya kilemba, na alipocheka yeye, wakacheka wakubwa, na uani wakacheka watu wa Chekeani, wake kwa waume, wakicheka pia ile sabuni ya Idi, ambayo kicheko chake walikuwa wamekiweka tangu siku ile. Sultani akaelewa kwamba wanaicheka, naye akazidi kucheka. Mize akacheka hata akalazimika kuketi.

Wale wachimbaji wakaambiwa warudi makwao na majembe yao.

"Pandu bin Kheri," akanena Sultani alipopata pumzi, "omba utakalo."

"Nimeshapata, Maulana. Kisima kipo."

"Hicho amekihukumu Waziri, si mimi. Omba kwangu."

Pandu akafikiri. "Basi naomba birika la Maulana litiwe ukwaju kila mwezi unapoandama, lilale nao usiku, bila iliki. Ukoko haujali iliki, na sisi tumemaliza zetu."

Sultani akaamuru iwe hivyo, akampa Pandu joho na Mize nguo za kumpokelea mtoto, na kila nyumba ya Chekeani ikarudishiwa iliki zake kutoka ghala la jumba, tena zaidi ya zile zilizotolewa. Mtoto akazaliwa mwezi uleule, msichana, akaitwa Zuwena, na maji ya kumwogeshea yalitekwa mlangoni pao.

Waziri Ameir bin Jecha alibaki katika kazi yake, naye katika mambo mengine alikuwa waziri mzuri. Kiatu alipelekewa nyumbani. Desturi ya kuonja hakuiacha, ila tangu siku ile, kabla hajapokea kikombe, alikuwa akiuliza kwanza kama chombo kilikuwa kinaoshwa au kinapikiwa, nao wapishi walikuwa wakichukua muda wao kujibu.

Hapa ndipo kamba ya hekaya inapogusa maji. Aliye na kiu amekwisha kunywa, na mwenye birika jeupe anajua la kufanya.